Waliolala Nairobi Usiku wa Sensa

Usiku wa kuamkia Jumapili, tarehe 25 Agosti 2019, watu 4,397,073 walilala ndani ya mipaka ya Kaunti ya Nairobi. Hiyo ndiyo takwimu rasmi ya sensa ya mwisho ya Kenya, na ndiyo inayonukuliwa kila mtu anapotaka kutaja ukubwa wa jiji hilo. Ni takwimu iliyotolewa jasho na makarani waliopanda na kushuka ngazi wakiwa na vishikwambi mkononi badala ya makaratasi ya zamani. Hata hivyo, msomaji anayetaka kuielewa vizuri hana budi kukitazama kwanza kitenzi kilichotumika: walilala.

Sensa ya Kenya humhesabu mtu mahali alipolala usiku uliotangazwa. Mkazi wa Nairobi aliyekuwa matangani Kakamega usiku huo aliingia katika hesabu ya Kakamega, na utingo wa lori la Busia aliyejikunyata ndani ya lori lake Embakasi akawa, kwa usiku mmoja, mtu wa Nairobi. Utaratibu huu una busara yake, kwa kuwa swali la "ulilala wapi" lina jibu moja tu, ilhali swali la "unaishi wapi" linaweza kuzua mjadala wa nusu saa mlangoni. Katika kaunti nyingi majibu ya maswali hayo mawili hayaachani sana. Nairobi yanaachana, na pengo lililo kati yake linagusa karibu kila jambo linalosemwa kuhusu wakazi wa jiji hilo: ni wangapi, ni nani, wana umri gani, na jiji lenyewe linaishia wapi.

Msikilize mtu wa Nairobi anapojieleza kwa mgeni. Atasema, "Mimi nakaa Umoja," kisha akiulizwa zaidi ataongeza, "lakini kwetu ni Siaya," au Machakos, au Murang'a. Jijini anakaa, kwetu ni kwingine. Neno "nyumbani" huachiwa mashambani, hata na mtu aliyezaliwa katika hospitali ya jijini, akasomea jijini, na ambaye tangu utotoni hajalala mashambani zaidi ya Krismasi chache na mazishi kadhaa. Lugha imehifadhi mpaka ambao ramani haina, na mpaka huo una nguvu hata mahakamani. Wakili S. M. Otieno alipofariki mwezi Desemba 1986, mjane wake Wambui alitaka kumzika katika shamba lao karibu na Nairobi, nao ukoo wake wa Umira Kager ukadai azikwe kwao Nyalgunga, Siaya. Kesi ilidumu karibu miezi mitano huku mwili ukiwa mochari, na sehemu kubwa ya hoja ilizunguka tofauti kati ya nyumba ambamo mtu anaishi na boma ambalo ni nyumbani kwake. Mwezi Mei 1987 Mahakama ya Rufani iliupa ukoo haki, na wakili aliyekuwa ameyajenga maisha yake yote ya kazi jijini akarudishwa kwao.

Mtu ambaye hata kaburi lake haliko jijini hawezi kushangaza anapoamua kwamba na hesabu yake isiwe huko. Kila sensa inapokaribia, viongozi wa maeneo mbalimbali huwahimiza watu wao warudi mashambani wahesabiwe kule, na wana sababu, kwa kuwa idadi ya watu ni mojawapo ya vigezo vya kugawa fedha za serikali kuu kwa kaunti chini ya Kifungu cha 217 cha Katiba. Katika fomyula ya kwanza ya ugavi iliyopitishwa baada ya ugatuzi, idadi ya watu peke yake ilibeba asilimia 45. Isitoshe, sensa za 2009 na 2019 zote zilifanywa usiku wa kuamkia tarehe 25 Agosti, majira ya likizo ya shule, wakati ambapo watoto wengi wa jijini wako kwa nyanya zao. Mwaka 2019 serikali iliagiza baa zifungwe mapema ili watu wawe majumbani makarani watakapofika. Agizo hilo liliwafikia waliokuwa jijini. Waliokwisha kupanda basi la Ijumaa jioni hawakuwa na haja nalo.

Tuingie katika ploti moja ya Pipeline, Embakasi. Ni jengo la ghorofa saba, lenye ukumbi mwembamba kila sakafu na vyumba vya mpangaji mmoja mmoja pande zote mbili, giza hata saa sita mchana, choo na bomba la pamoja mwishoni, na nguo zilizoanikwa kwenye vyuma vya ngazi hadi juu. Karani anagonga mlango kwa mlango. Katika chumba cha kwanza wamo vijana wawili wanaogawana kodi. Cha pili kina mama na mtoto mchanga. Cha tatu kina kufuli kubwa la shaba, na jirani anasema bila kuulizwa mara mbili: "Huyo ameenda nyumbani, atarudi Jumatatu." Mwenye chumba hicho analipa kodi jijini, ananunua mboga jijini, anatumia maji na vyoo vya jijini siku 340 kwa mwaka, na usiku wa sensa yuko Vihiga akihesabiwa pamoja na wazazi wake. Hakuna aliyedanganya. Kitabu cha Vihiga kimeongezeka mtu mmoja na cha Nairobi kimepungua mmoja, kwa mujibu wa kanuni.

Mazoea haya ya kuishi mahali pawili hayakuanzishwa na wanasiasa wa leo. Yalijengwa ndani ya jiji tangu mwanzo. Reli iliyotoka Mombasa ilifika kwenye tambarare ya Nairobi mwaka 1899, na kambi ya reli ikakua haraka kiasi kwamba mwaka 1905 makao makuu ya utawala wa Waingereza yalihamishiwa huko kutoka Mombasa. Mji uliozaliwa uligawanywa kwa rangi: Wazungu sehemu za juu za magharibi na kaskazini, Wahindi Parklands, Ngara na kandokando ya soko, na Waafrika upande wa mashariki, ulio chini na wenye udongo mweusi unaonata, ambako kilifunguliwa kijiji cha Pumwani mwanzoni mwa miaka ya 1920 na baadaye mitaa kama Shauri Moyo, Ziwani na Kaloleni. Mwafrika alihesabiwa kuwa mfanyakazi wa muda. Alibeba kipande, yaani cheti cha utambulisho wa kazi, shingoni, alipewa nafasi ya kitanda badala ya nyumba, na mshahara wake ulikadiriwa kwa tumbo moja, kwa dhana kwamba mke na watoto wanalishwa na shamba alikotoka. Wanawake Waafrika walikuwapo tangu mwanzo, na baadhi yao walijenga na kumiliki nyumba za kupangisha Pangani na Pumwani, lakini walikuwa wachache na utawala haukuwataka. Ilipofika mwaka 1954 ndipo kamati ya serikali ya kikoloni iliyoongozwa na Carpenter ilipopendekeza mshahara unaotosha familia kukaa mjini. Mwezi Aprili wa mwaka huohuo, wakati wa hali ya hatari iliyotangazwa kwa sababu ya vita vya Mau Mau, jeshi lilizingira jiji na kuwakamata maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru na kuwapeleka kizuizini au kuwarejesha kwa nguvu katika maeneo yao ya asili. Hapo tena ujumbe ulikuwa uleule: jijini si kwenu.

Athari ya mpango huo inaonekana wazi zaidi katika safu moja ya takwimu kuliko katika nyaraka zozote za utawala, nayo ni safu ya wanaume na wanawake. Sensa ya 1969, ya kwanza baada ya uhuru, ilikuta Nairobi wanaume 303,219 na wanawake 206,067, yaani wanaume 147 kwa kila wanawake 100. Sheria za kuwazuia watu kuingia mjini zilikuwa zimeondolewa, lakini chumba kilibaki cha mtu mmoja na mshahara ulibaki wa tumbo moja, kwa hiyo wanaume waliendelea kutangulia na wake wakabaki kulinda shamba. Mwaka 1979 uwiano ulikuwa 138. Mwaka 1989 ulikuwa 132, mwaka 1999 ukashuka hadi 117, na mwaka 2009 hadi 105 hivi. Kisha sensa ya 2019 ikaleta jambo ambalo halikuwahi kutokea katika sensa zilizotangulia: wanawake 2,204,376 na wanaume 2,192,452. Wanawake waliwazidi wanaume kwa watu 11,924. Sensa hiyohiyo ilikuwa ya kwanza nchini kuwahesabu huntha, yaani watu waliozaliwa na maumbile yasiyo ya kiume wala ya kike moja kwa moja, na Nairobi iliandikisha 245.

Mimi naichukulia tofauti hiyo ya watu elfu kumi na mbili kuwa habari kubwa zaidi katika kitabu kizima cha sensa kuhusu Nairobi, ingawa magazeti yaliipita haraka yakikimbilia jumla ya kaunti. Mji ulioanzishwa kama bweni la wanaume ulichukua miaka 120 kuacha kuwa bweni, na ishara ya kwamba umeacha ni hiyo.

Hata hivyo jumla hiyo inaficha mambo mawili yanayokwenda kinyume. Katika umri wa miaka ya ishirini, wanawake wa Nairobi ni wengi kuliko wanaume kwa pengo kubwa. Msichana huingia jijini mapema kuliko kaka yake, mara nyingi akiwa amemaliza shule ya msingi au kidato cha nne, na mlango anaoupitia ni jikoni kwa mtu mwingine, kama yaya au mfanyakazi wa nyumbani, au saluni, au kibanda cha shangazi. Katika umri wa kuanzia miaka ya thelathini na kitu mambo hugeuka, na wanaume ndio wanaozidi, kwa sababu mwanamke mwenye watoto watatu na kodi inayopanda kila mwaka anaweza kuamua kurudi kulima ilhali mumewe anabaki kazini. Kwa hiyo bweni la zamani halijabomolewa lote; limehamia katika umri wa watu wazima.

Umri wenyewe una umbo lisilofanana na la Kenya kwa jumla. Ukiuchora mchoro wa umri wa nchi nzima, unapata kitu kama mlima: chini pana, juu pembamba. Wa Nairobi unafanana zaidi na mtungi. Chini kabisa ni pana kidogo, kwa kuwa watoto wachanga huzaliwa na kulelewa jijini. Kuanzia umri wa kwenda shule hadi ujana wa mwanzo unabana kiunoni, kwa sababu watoto wengi hupelekwa kwa nyanya au shule za bweni za mbali, na kama sensa imefanywa Agosti kiuno hicho huzidi kubana. Kati ya miaka 20 na 34 unatanuka kwa nguvu, halafu unasinyaa haraka, na ukifika kwa wazee wa miaka 65 na zaidi ni kama shingo ya mtungi. Wazee wamekwenda kwao. Aliyestaafu akabaki jijini ni ama mwenye nyumba yake, ama asiye na pa kurudi, na hao wa pili wanaongezeka bila kelele.

Kaya pia ni ndogo. Sensa ilikuta kaya 1,506,888, wastani wa watu 2.9 kwa kila kaya, wakati wastani wa Kenya nzima ulikuwa 3.9. Sehemu ya sababu ni uzazi. Uchunguzi wa kitaifa wa afya na idadi ya watu wa 2022 ulikuta mwanamke wa Kenya akikadiriwa kuzaa watoto 3.4 maishani, ambapo mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa akikadiriwa kuzaa 8. Kwa mwanamke wa Nairobi makadirio ni ya chini zaidi ya hayo ya kitaifa. Sehemu nyingine ya sababu ni yule kijana wa chumba kimoja, ambaye katika lugha ya takwimu ni kaya kamili: mtu mmoja, godoro, jiko la gesi la mtungi mdogo na ndoo mbili za maji.

Kutokana na hayo, kasi ya ukuaji imepungua, jambo ambalo wengi wanaokwama kwenye foleni ya Mombasa Road hawataliamini kwa urahisi. Mwaka 1969 jiji lilikuwa na watu 509,286. Mwaka 1979, 827,775. Mwaka 1989, 1,324,570. Mwaka 1999, 2,143,254. Mwaka 2009, 3,138,369. Katika miongo mitatu ya mwanzo liliongezeka kwa takriban asilimia 60 kila muongo, tena bila kuyumba. Muongo uliofuata liliongezeka kwa asilimia 46, na ule wa 2009 hadi 2019 kwa asilimia 40. Tukumbuke lakini kwamba asilimia 40 ya milioni tatu ni watu wengi kuliko asilimia 62 ya nusu milioni. Kati ya 2009 na 2019 waliongezeka watu 1,258,704, idadi ambayo inalipita jiji zima la Mombasa lilivyohesabiwa mwaka huo wa 2019. Kasi inapungua huku msongamano ukizidi, na kauli hizo mbili hazipingani.

Kupungua kwa kasi kuna maelezo mengine, na hapa tunafika kwenye mpaka. Takwimu zote za Nairobi tangu uhuru zimepimwa ndani ya mstari uliochorwa mwaka 1963. Kabla ya hapo mji ulikuwa mdogo zaidi, na sensa ya 1962 ilikuta watu wasiopungua 266,000 ndani ya mpaka wa zamani. Mstari mpya ulipoongeza maeneo kama Karen, Lang'ata, Dagoretti na Embakasi, watu walewale wa sensa ileile walipanda hadi takriban 343,500 bila hata mmoja kuhama. Tangu hapo mstari haujasogea kwa maana yoyote, lakini watu wamesogea. Shina la Nairobi limefurika na kumwagikia Kiambu, Kajiado na Machakos, na ongezeko la jiji sasa linaandikwa katika vitabu vya majirani. Kaunti ya Kiambu ilitoka watu 1,623,282 mwaka 2009 hadi 2,417,735 mwaka 2019. Kajiado ilitoka 687,312 hadi 1,117,840, ongezeko la zaidi ya asilimia 60. Ruiru, uliokuwa mji wa mashamba ya kahawa, ulihesabiwa watu 238,858 mwaka 2009 na 490,120 mwaka 2019, ukawa mji wa nne kwa ukubwa Kenya, mbele ya Eldoret na Kisumu. Wengi wa watu hao hawana habari na kahawa. Alfajiri wanapanda matatu kwenda kazini Nairobi na usiku wanarudi kulala Ruiru, na kama tulivyoona, sensa hujali wanakolala.

Mahali pazuri pa kuuona mstari huo kwa macho ni Githurai. Mtaa huo una sehemu mbili ambazo wakazi huziita kwa nambari za mabasi yaliyokuwa yakizihudumia: Githurai 44 na Githurai 45. Ya kwanza iko Nairobi, ya pili iko Kiambu. Kutoka moja hadi nyingine ni mwendo wa dakika chache kwa miguu, kupitia soko lilelile la nyanya na vitunguu, miongoni mwa makonda walewale wanaoita abiria wa katikati ya jiji. Mpangaji anayehama kutoka 44 kwenda 45 kufuata chumba chenye maji amepunguza watu wa Nairobi kwa mmoja, amebadilisha gavana, na bado anashuka matatu steji ileile.

Ndiyo maana makadirio hutofautiana sana. Makadirio ya Umoja wa Mataifa yanazidi milioni tano. Wapangaji wanaozungumzia Nairobi pana hujumlisha Kaunti za Nairobi, Kiambu, Machakos na Kajiado, na kwa sensa ya 2019 hiyo inatoa watu 9,354,580. Wengine huongeza Murang'a na kuvuka milioni kumi. Makadirio hayo makubwa yana kasoro ya wazi. Mfugaji wa Loitokitok chini ya Mlima Kilimanjaro na mkulima wa Masinga wamo ndani ya milioni hizo tisa, na hakuna kati yao anayeiona Nairobi isipokuwa kwa safari. Ukweli uko katikati, mahali fulani kati ya milioni nne na nusu na tisa, na hauwezi kupatikana bila mtu kukaa na kuchora upya mstari wenyewe.

Msongamano nao unahitaji uangalifu. Shirika la Kitaifa la Takwimu, KNBS, lilipata zaidi ya watu 6,200 kwa kila kilomita mraba. Lakini kaunti ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 700, na 117 kati ya hizo ni Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi, ambamo wamo simba na vifaru. Ukiiondoa mbuga pekee unapata watu kama 7,500, na bado hujaondoa Msitu wa Karura na viwanja vya ndege. Wastani kama huo haumwelezi mtu yeyote. Katika kaunti ndogo ya Mathare, watu 206,564 walihesabiwa katika eneo la kilomita mraba tatu hivi, karibu watu 69,000 kwa kila kilomita mraba. Kaunti ndogo ya Lang'ata, ambayo imebeba mbuga, ilikuwa na watu 197,489 na msongamano usiofika 1,000. Kwa upande wa wingi, uzito wote umehamia mashariki na kaskazini mashariki: Embakasi, Kasarani na Njiru pekee zilikuwa na watu 2,395,946, yaani zaidi ya nusu ya jiji. Anayeijua Nairobi kwa picha za majumba marefu ya Upper Hill na Westlands anaijua kwa upande ambao watu wachache hulala.

Hapa ni lazima kusema neno kuhusu Kibera. Kwa miaka mingi iliandikwa, na bado huandikwa, kwamba Kibera ina watu milioni moja, au hata zaidi, na kwamba ndiyo mtaa wa mabanda mkubwa kuliko yote Afrika. Sensa ya 2009 ilikuta watu 170,070. Malalamiko yakawa mengi, na baadhi yalikuwa na msingi, kwa kuwa katika mtaa kama huo makufuli ya usiku wa sensa ni mengi na wakazi wana sababu za kutomwamini mgeni mwenye fomu. Lakini watafiti waliotumia picha za setilaiti na kuhesabu nyumba kwa miguu walifikia makadirio ya takriban laki mbili, mbali sana na milioni. Hesabu ya shule ya msingi ingetosha kuzua shaka: Kibera ina ukubwa wa takriban kilomita mraba 2.5, na karibu nyumba zake zote ni za chini, za mabati na udongo. Watu milioni moja humo wangekuwa 400,000 kwa kilomita mraba, karibu mara sita ya Mathare, ambako kuna majengo ya ghorofa. Takwimu ile ilidumu kwa sababu ilikuwa na faida kwa wengi: shirika lililotafuta ufadhili, mwanasiasa aliyetafuta kura, na mwandishi aliyetafuta sentensi ya kufungulia habari. Ninaona iliwadhuru wakazi, kwa kuwa huwezi kupanga vyoo na zahanati za watu laki mbili kwa bajeti ya watu milioni moja ambayo kila mtu anajua haitapatikana.

Kuhusu makabila nitakuwa mfupi, ingawa ndilo swali ambalo wasomaji hupenda kulianza. Hakuna jamii yenye wingi wa zaidi ya nusu jijini. Wakikuyu ndio wengi, wakifuatwa na Waluhya, Waluo na Wakamba, kisha wote wengine wa Kenya, pamoja na Wasomali ambao biashara yao ya Eastleigh inaijaza Kamukunji, Wanubi wa Kibera waliokuwapo hapo tangu mwanzo wa karne ya ishirini, na wakimbizi kutoka Kongo, Ethiopia na Sudan Kusini. Badiliko kubwa zaidi la kihistoria ni la Wakenya wenye asili ya Asia. Karibu na uhuru walikuwa takriban theluthi moja ya wakazi wa mji. Leo ni sehemu ndogo sana, kwa kuwa wengi waliondoka mwishoni mwa miaka ya 1960 na waliobaki walizungukwa na mamilioni walioingia. Mwaka 2017 serikali iliwatambua rasmi kuwa mojawapo ya jamii za Kenya.

Mtu anaweza kuuliza inadhuru nini ikiwa jiji limehesabiwa pungufu kidogo hapa na kupita kiasi pale. Jibu liko katika Kifungu cha 89 cha Katiba, kinachoagiza kila eneo bunge liwe na watu wanaokaribiana na wastani wa kitaifa, ila majiji na maeneo yenye watu wachache yanaruhusiwa kuuzidi au kupungukiwa nao kwa asilimia 40. Mipaka ya mwaka 2012 ilitumia sensa ya 2009. Wastani wa nchi ulikuwa watu 133,138, kilele kilichoruhusiwa kwa jiji kikawa kama 186,400, na Nairobi ilipopewa maeneo bunge 17 ilipata wastani wa 184,610 kwa kila moja. Ilikuwa imekaa kwenye ukingo kabisa. Ukirudia hesabu hiyo kwa sensa ya 2019, wastani wa nchi ni 164,015, kilele ni kama 229,600, na maeneo bunge 17 ya Nairobi yana wastani wa 258,651. Jiji limevuka ukingo, na bila kubadilisha jumla ya maeneo bunge 290 yaliyowekwa na Katiba, lingehitaji yasiyopungua 20, jambo ambalo maana yake ni kwamba mengine mahali fulani yafutwe. Muda wa kikatiba wa kuipitia mipaka uliisha mwezi Machi 2024 bila kazi hiyo kufanywa.

Kwa hiyo wabunge 17 wanawakilisha watu ambao kwa kanuni walistahili angalau 20, na hiyo ni kwa kuhesabu waliolala jijini tu, bila mwenye chumba cha kufuli kule Pipeline. Sensa za Kenya hufanywa kila baada ya miaka kumi, na ijayo inatarajiwa mwaka 2029. Ikiwekwa tena Agosti, shule zitakuwa zimefungwa.